Somo: Hesabu ya kupiga kabla ya kufunga kadi ya mkopo ya zamani

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wenzetu wanaoishi Marekani, ambako alama za mkopo, au kredit skoa kama wengi wetu tunavyoziita, yaani namba inayoonyesha jinsi mtu anavyoaminika kulipa madeni, huulizwa mtu anapotaka gari, nyumba ya kupanga na wakati mwingine hata laini ya simu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na kadi tatu. Ya zamani kuliko zote ilikuwa na kikomo, yaani kiasi cha juu nilichoruhusiwa kukopa, cha dola 4,500, haikuwa na deni lolote, na kila mwaka ilinikata ada ya dola 95 kwa kazi ya kukaa kwenye droo. Nyingine mbili zilikuwa na vikomo vya dola 2,000 na dola 1,500, na kwa pamoja nilikuwa nadaiwa dola 1,400. Nikakasirishwa na ile ada, nikaifunga ile ya zamani, na wiki chache baadaye nikaenda kuomba mkopo wa gari. Alama zilikuwa zimeshuka, na riba niliyopewa haikuwa ile niliyoitarajia.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba niliponzwa na umri wa kadi ile, na nasikia wengi wakisema hivyo hadi leo. Sivyo. Alama za FICO, yaani alama za mkopo zinazotumiwa na wakopeshaji wengi, ambazo huanzia 300 na kuishia 850, hupimwa kwa mambo matano: ulipaji wa madeni kwa wakati huchukua asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, urefu wa historia asilimia 15, mikopo mipya asilimia 10, na aina za mikopo ulizo nazo asilimia 10. Kadi iliyofungwa ikiwa imelipwa vizuri haifutiki siku hiyohiyo, bali hubaki kwenye taarifa yako ya mikopo hadi miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo. Kilichoniumiza mimi ni kiasi ninachodaiwa kikilinganishwa na vikomo vyangu. Kabla ya kufunga, deni la dola 1,400 lilikuwa juu ya vikomo vya jumla ya dola 8,000, yaani asilimia 17 na nusu. Baada ya kufunga, deni lilelile likawa juu ya dola 3,500, yaani asilimia 40. Sikukopa hata senti moja zaidi, lakini kwenye karatasi nilionekana kama mtu aliyeanza kubanwa.

Hatua ya kwanza: soma taarifa zako. Kampuni tatu kubwa zinazotunza kumbukumbu za mikopo ni Equifax, Experian na TransUnion, na taarifa zao hupatikana bure kila wiki kupitia annualcreditreport.com. Andika kikomo, deni na tarehe ya kufunguliwa kwa kila kadi. Usitegemee programu ya simu peke yake, kwa kuwa nyingi huonyesha VantageScore, alama iliyoanzishwa na kampuni hizo tatu mwaka 2006, ambayo inaweza kuzichukulia kadi zilizofungwa tofauti na FICO.

Hatua ya pili: piga hesabu ukiiondoa kadi hiyo. Jumlisha madeni ya kadi zote, gawanya kwa jumla ya vikomo vitakavyobaki, kisha zidisha kwa 100. Watu hutaja asilimia 30 kana kwamba ni mstari uliochorwa chini, lakini ukweli ni kwamba kadiri inavyopungua ndivyo inavyokuwa nafuu kwako. Kama hulimbikizi deni kwenye kadi zako, pengo litakuwa dogo, na unaweza kuifunga bila wasiwasi mkubwa.

Hatua ya tatu: tazama kalenda. Ukitarajia kuomba mkopo wa nyumba au wa gari katika miezi michache ijayo, iache kadi ilivyo mpaka mkataba utiwe saini. Dola 95 za ada ni kidogo mbele ya riba ya miaka mitano.

Hatua ya nne: kama tatizo ni ada, omba kubadilishiwa kadi. Hapa ndipo ningekuomba ukae kidogo, kwa sababu ni njia ambayo mimi sikuijua. Benki nyingi hukubali kukuhamisha kutoka kadi yenye ada hadi kadi yao isiyo na ada, akaunti ikibaki ileile, pamoja na tarehe yake ya kufunguliwa na kwa kawaida kikomo chake. Ukipiga simu, uliza waziwazi: je, akaunti inabaki ileile, au mnafungua mpya? Wakisema mpya, elewa kwamba huenda wakachungulia taarifa zako kama kwa ombi jingine lolote. Mara nyingine ukitaja tu kwamba unafikiria kufunga, wanakuondolea ada ya mwaka huo.

Hatua ya tano: safisha kadi kabla ya kuifunga. Lipa deni lote, tumia pointi ulizokusanya, na uhamishe malipo yote yanayojikata yenyewe, kama bima na intaneti. Kisha subiri bili ya mwezi mwingine mmoja. Kama ulikuwa unalimbikiza deni, riba ya siku zilizopita kati ya bili na malipo yako huweza kujitokeza baadaye, na dola 3 usizozijua zinaweza kugeuka malipo yaliyochelewa.

Hatua ya sita: funga na upate maandishi. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, omba barua ya kuthibitisha, na baada ya mwezi mmoja au miwili tazama kama taarifa inasema akaunti ilifungwa na mteja mwenyewe ikiwa na deni sifuri. Ukikuta kosa, wasilisha pingamizi kwa kampuni ya kumbukumbu husika, ambayo kwa kawaida ina siku 30 za kulichunguza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ninaweza kuifunga kadi ambayo bado ina deni?*
Unaweza, lakini deni na riba vinabaki, na ukichelewa kulipa utaandikwa kama kawaida. Kikomo kinaondoka huku deni likibaki, kwa hiyo kwangu huo ndio wakati mbaya kuliko yote.

*Kaka, shikamoo. Kadi yangu ya siku nyingi imefungwa na benki bila hata barua. Wana haki hiyo?*
Marahaba. Kama hukuitumia kwa muda mrefu, ndiyo, wanaweza kuifunga bila kukujulisha mapema. Zilizobaki zinunulie kitu kidogo kila baada ya miezi michache, hata mafuta ya gari, kisha ulipe bili yote.

*Mume wangu anatumia kadi yangu kama mtumiaji wa nyongeza. Nikiifunga, naye ataathirika?*
Ndiyo, dada, kadi yake inakufa pamoja na yako. Kama hana akaunti nyingine, afungue kwanza ya jina lake na aiache ifikishe angalau miezi sita, kwa kuwa FICO haiwezi kutoa alama bila akaunti yenye umri huo.

*Ninarudi Dar es Salaam moja kwa moja mwakani. Nizifunge zote?*
Alama za Marekani hazitakufuata nyumbani. Lakini kama kuna uwezekano wa kurudi huku, bakiza moja isiyo na ada, iwekee malipo madogo ya kila mwezi, na bili yake ijilipe yenyewe kutoka akaunti yako ya benki ya huku, maana akaunti zako zote zikikaa zaidi ya miezi sita bila taarifa mpya, FICO hukosa cha kuhesabu. Uliza pia benki yako kuhusu anwani, kwa sababu barua ya kadi mpya ikitumwa kwenye nyumba uliyohama, hutajua kwamba ya zamani imekwisha muda mpaka malipo yakatae.