Kabla Hujatia Kidole Mdomoni mwa Samaki: ya Kuzingatia Ukienda Kuvua Ghuba ya Mwanza

Leseni kata. Boya la kuvaa livae, hata kama unavua hatua chache tu kutoka nchi kavu. Simu itie kwenye nailoni mbili. Utabiri wa hewa usikilize jioni, kwa sababu radi za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, na kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini haubembelezi mtu. Haya unayajua. Usipoyafanya, usiseme hukuambiwa.

Chambo usibebe cha aina moja. Kambare mdogo akiwa hai humvuta sangara vizuri, ndiyo maana wavuvi wa ndoano humnunua kwa fedha nzuri. Rula nayo beba, sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Usimkadirie kwa macho, maana macho ya mvuvi huongeza sentimita kila mara.

Sasa tuje kwenye samaki wenyewe. Wageni wengi wanaoshuka Mwanza na mshipi begani wana jina moja tu kichwani, sangara. Huyo mwenyewe ni mhamiaji, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Kwenye maji ya kina kifupi wapo walaji wengine waliomtangulia, na kila mmoja ana mahali pake pa kushikwa. Ukikosea hapo, utalipa.

Kabla ya kutupa ndoano, tazama umesimama wapi. Sangara anataka maji yenye hewa tele, yakipungukiwa anakufa upesi. Mtafute kwenye miamba na sehemu za wazi zinazopigwa na mawimbi. Kwenye matete, chini ya magugu maji yaliyosongamana, kwenye tope jeusi linalonuka, hapo hewa ya majini ni haba. Wanaodumu humo ni wale wanaoweza kupanda juu na kuvuta pumzi kama wewe: kambare na kamongo. Ukisikia maji yanafyonza kidogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto, kisha kimya, ujue kuna mmoja wao chini yako.

Kubwa zaidi katika vifaa vyako ni plaizi yenye mdomo mrefu, ya kung'olea ndoano. Ifunge kwa kamba kiunoni. Na tochi ziwe mbili.

Mimi nilikuwa na tochi moja na plaizi isiyofungwa. Ilikuwa Aprili, upande wa Luchelele, saa kumi na moja alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Miezi kadhaa nilikuwa nimevua sangara tu, na sangara ana raha moja: meno yake ni madogo kama msasa, kwa hiyo unamtia dole gumba ndani ya taya la chini, unamwinua, kazi imekwisha. Unachochunga ni miiba ya mgongoni na ncha za kifuniko cha mashavu, hizo zinachana. Mkono wangu ulishazoea hivyo, na mkono uliozoea haukuulizi.

Nilikuwa pembezoni mwa matete kwa sababu upepo ulinichosha kule kwenye miamba. Kikavuta kitu kizito. Hakikuruka wala hakikukimbia, kilijisokota tu, kama unavuta gunia lenye nyoka. Nikasema moyoni, kambare huyo, tena babu yao. Nikamfikisha kwenye mtumbwi. Tochi ikawa inapepesa. Nikainama kuchukua plaizi, nikaigonga kwa kiwiko, ikaenda majini. Basi nikafanya kama kwa sangara: dole gumba ndani.

Kamongo hana meno ya kuchoma. Ana vibao vigumu vya kusagia, na konokono na magamba yao ndicho chakula chake cha kila siku. Alifunga taya na hakufungua. Nilimpiga kichwani kwa kafi, akazidi kukaza. Mzee mmoja aliyekuwa anatega jirani alisogea na mtumbwi wake, akaniambia, "Tulia kijana, usivute, utaacha kidole humo." Akapenyeza mpini wa kisu pembeni ya taya, akaupindisha taratibu mpaka taya likaachia. Kucha ilitoka, mfupa wa ncha ulipondeka. Hospitali aliyenifunga bandeji aliniuliza kama ni mamba.

Njiani mzee aliniuliza nilitupa ndoano wapi hasa. Nilipomwonyesha akatikisa kichwa. Kamongo dume hulinda kiota chake kwenye majani hayo, na anayelinda watoto hachagui wa kumng'ata. Tulipofika mwaloni, jua limeshapanda, yule samaki bado alikuwa anapumua sakafuni mwa mtumbwi.

Kwa hiyo jifunze kuwatambua gizani kwa kupapasa kutoka nyuma, mkia kwanza, kichwa mwisho. Kamongo hana mkia wa kupanuka, mwili unachongoka tu kama wa mkunga, na mapezi yake ya pembeni ni kama nyuzi. Hapo simama, kata mshipi, ndoano ni bei ndogo. Kambare ana mkia wa mviringo, pezi refu linalofuata mgongo, ngozi ya utelezi isiyo na magamba, kichwa bapa kigumu na sharubu nane. Mshike nyuma ya miiba miwili ya pembeni, isiwe mbele yake. Mbofu pia ana sharubu na hana magamba, ila mkia wake umegawanyika pacha, na karibu na mkia juu ana pezi la nyama lisilo na mifupa. Miiba yake ni mikali. Gogogo ni mdogo lakini mwiba wake una misumeno na akiusimamisha haulali, hivyo usimkanyage. Sangara ukimmulika macho yanawaka rangi ya chungwa, huhitaji kumpapasa.

Ukipata sangara mkubwa, mpasue pole pole, bondo, kile kifuko chake cha hewa, likitoboka umetupa fedha.

Glovu vaa. Viatu vaa, konokono wa kichocho wako kwenye maji hayo hayo ya majani unayotaka kuyakanyaga. Ukiona njia pana iliyolaza matete hadi majini, hiyo si ya ng'ombe, ni ya kiboko, ondoka nayo mbali kabla hakujapambazuka. Mwambie mtu wa nyumbani unavua upande gani na utarudi saa ngapi. Maji ya kunywa beba. Na betri za akiba za tochi, usizitie mfuko mmoja na chambo.