Boss anakata NSSF ila hapeleki? Fanya hivi

Kuna watu kwenye slipu ya mshahara makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) yanaonekana kila mwezi, wanajua mambo safi, kumbe hela boss kakaa nayo, wanakuja kushtuka siku wanafuatilia mafao. Kwa hiyo anza na taarifa ya michango yako, iombe NSSF, halafu ulinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Kisheria hapa Tanzania mchango ni 20% ya mshahara, wewe ukatwe isizidi 10% na inayobaki atoe mwajiri. Na pensheni inataka miezi 180 ya michango, so usidharau hata mmoja uliorukwa.

Ukikuta mapengo ANDIKA BARUA. Kumpigia HR simu haisaidii, simu haina ushahidi. Taja miezi yenyewe, ambatanisha kopi za slipu na mkataba, peleka ofisi ya NSSF ya mkoa wako na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri ukirudi utaambiwa faili halionekani, tunajuana. NSSF ndio wenye meno ya kumkagua mwajiri, kumdai pamoja na adhabu na kumburuza mahakamani, huna haja ya kumkunja boss shati.

Unaogopa kibarua kuota nyasi? Pitieni chama, TUICO kwa wa viwandani na biashara, CHODAWU kwa wa mahotelini na majumbani, barua itoke kwa chama bila jina la mtu. Kama kazini hakuna tawi, anzeni na hilo.

Na msiseme serikali haisikii. Kikokotoo (hesabu ya mafao ya kustaafu) kilichoweka mkupuo, yaani hela unayopewa kwa mara moja ukistaafu, kuwa 25%, watu walikipigia kelele mpaka Desemba 2018 Magufuli akakisimamisha, 2022 ikaja 33%, vyama havikunyamaza, na bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40% kwa wale waliokuwa wanapata 50% zamani (bado wana kinyongo, na mimi nawaelewa) na 35% kwa waliokuwa kundi la 25%.

Kwa mbunge nako msiende na "mheshimiwa tusaidie", atawapa pole tu na soda. Mpelekeeni swali limeshaandikwa, kwamba aiulize wizara ya kazi bungeni ni waajiri wangapi wa mkoa wenu wanadaiwa michango, kiasi gani, na wangapi wamefikishwa mahakamani. Swali la namba waziri hawezi kulijibu kwa "serikali inaendelea na jitihada", na akijibu hivyo mbunge ana nafasi ya swali la nyongeza, mwandikieni na hilo kabisa.