Namna ya Kumjulisha Mtoto Mdogo Maisha ya Ndama wa Tembo

Anza na chaki. Chora ukutani mstari ulio sentimita 90 kutoka sakafuni, kisha msimamishe mtoto kando yake na umweleze kwamba hapo ndipo linapofika bega la ndama wa tembo aliyezaliwa leo. Mtoto wa miaka mitatu au minne atafurahi kuona kwamba yeye na ndama wanakaribiana kimo. Kabla furaha hiyo haijapoa, mpeleke kwenye gunia la mahindi la kilo 100 na umwambie alisukume, kwa kuwa huo ndio uzito wa ndama siku anayozaliwa, na wako wanaouzidi. Nimeona mara nyingi kwamba vipimo hivi viwili, vikitangulia hadithi yoyote, humpa mtoto mambo mawili anayopaswa kuyashika pamoja tangu mwanzo: kwamba ndama ni mtoto kama yeye, na kwamba si mwanasesere.

Baada ya hapo zungumzia mimba, kwa ufupi tu. Tembo hubeba mimba kwa muda wa miezi 22, hesabu isiyo na maana kwa mtoto asiyejua kalenda, lakini anaijua mvua. Mwambie kwamba tembo aliyeshika mimba masika haya atangoja vuli ipite, masika mengine yapite, na vuli ya pili ipite, ndipo azae.

Mkonga ndio unaostahili siku nzima. Hauna mfupa hata mmoja. Ni misuli mitupu iliyosukwa kwa wingi usiohesabika, na ndama huzaliwa nao bila kujua kuutumia. Huukanyaga anapotembea, huutikisa ovyo, na mara nyingine huutia kinywani akaunyonya kama mtoto anavyonyonya kidole gumba. Mvalishe mtoto soksi ndefu mkononi hadi kwenye kiwiko, mruhusu kutumia ncha za vidole viwili tu, kwa sababu mkonga wa tembo wa Afrika una ncha mbili zinazobana mfano wa vidole, kisha umwombe aokote punje ya karanga. Ataiangusha mara nyingi. Usimsaidie, bali mweleze kwamba ndama naye huchukua miezi mingi kujifunza kazi hiyo, na kwamba katika kipindi hicho hunywa maji kwa kuinama na kutumbukiza kinywa mtoni. Hapa pia pana kosa la kurekebisha, kwa maana watoto wengi, na hata watu wazima, hudhani ndama hunyonya kwa mkonga. Hunyonya kwa kinywa, mkonga ukiwa umekunjwa pembeni, na matiti ya mama yake yako kifuani, katikati ya miguu ya mbele.

Linalofuata ni ukoo, na hapa wazazi wa Kiswahili tuna maneno mazuri kuliko picha za vitabu vingi, ambazo humchora ndama akiwa na mama upande mmoja na baba upande mwingine. Baba hayumo katika kundi hilo. Ndama huishi na mama yake, bibi yake, mama wakubwa na mama wadogo, dada zake na watoto wenzake, wakiongozwa na jike mzee anayekumbuka maji yalipo wakati wa ukame. Usimwite yeyote kati yao shangazi, kwa sababu shangazi ni wa upande wa baba, na ukoo huu ni wa upande wa mama. Madume hukaa humo hadi wanapobalehe, kisha huondoka. Wasichana wa ukoo ambao hawajazaa ndio yaya: humwinua ndama aliyeanguka, hukaa karibu naye anapolala, na hukimbilia sauti yake akilia. Watoto wenye dada wakubwa huelewa jambo hili mara moja, na baadhi yao huanza kusimulia ya nyumbani kwao. Waachie nafasi hiyo.

Mchezo unaofaa hapa ni wa duara. Mtoto mmoja awe ndama, wengine wawe ukoo wanaokula majani huku na huku, na kiongozi akitoa ishara ya hatari wote wakusanyike wakimzunguka ndama, nyuso zikitazama nje. Ndivyo tembo wanavyofanya.

Huko Amboseli, Kenya, mtafiti wa tembo Cynthia Moss alianza mwaka 1972 kuwafuatilia tembo mmoja mmoja, akiwatambua hasa kwa masikio, kwa kuwa mipasuko na matundu ya sikio hayafanani kati ya tembo mmoja na mwingine. Mpe mtoto karatasi achore sikio moja lenye alama zake, ampe jina tembo mwenye sikio hilo, na mtumie jina hilo katika mazungumzo yote yatakayofuata. Siku mtakapofika kwenye habari kwamba ndama hula kinyesi cha mama yake, atacheka sana. Mwache acheke, kisha mwambie kwamba ndama hupata humo vijidudu vya kumsaidia kusaga majani tumboni.

Atauliza pia kuhusu ndama aliyefiwa. Mjibu ukweli kwa kiasi anachoweza kubeba: kwamba mama wengine hufa kwa ukame, na wengine huuawa na watu wanaotaka pembe. Takwimu baki nazo wewe, ingawa ni vyema uzijue. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabu tembo zaidi ya laki moja, na kufikia 2014 walibaki takribani elfu 43. Kwa mtoto, simulia kituo cha yatima cha Nairobi, kilichotokana na kazi ya Daphne Sheldrick, ambako ndama hupewa maziwa kwa chupa, hufunikwa blanketi kunapokuwa na baridi, na hulala na mlezi kando yake usiku kucha. Walezi hao hupokezana zamu, ili ndama asimtegemee mtu mmoja tu akaja kuumia moyo mtu huyo akiondoka.

Kwa familia zinazoishi jirani na Tarangire, Ruaha au Tsavo, somo lina upande mwingine usiopaswa kufichwa. Mtoto ambaye baba yake amekesha shambani akifukuza tembo hatakuamini ukimpa habari tamu peke yake. Kubali mbele yake kwamba mahindi yaliyoliwa ni hasara ya kweli, na umwonyeshe kwamba watu wanatafuta njia, kama ule uzio wa mizinga ya nyuki unaotumika karibu na Tsavo, kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki. Kisha mfundishe kanuni hii mpaka aikariri: ukimwona ndama peke yake, chukulia kwamba hajapotea na kwamba mama yake yuko karibu hata kama humwoni. Asimsogelee wala kumrushia kitu. Arudi kimya alikotoka, akamwambie mtu mzima.

Ikiwa mna uwezo wa kwenda hifadhini, chagueni Tarangire kati ya Julai na Oktoba, wakati tembo wanapokusanyika mtoni. Simamisheni gari mbali nao, mzime injini, na badala ya kukimbilia kundi jingine mkae hapo hata nusu saa mkimtazama ndama mmoja. Mwambie mtoto atazame kama ndama huyo anaweza kupita chini ya tumbo la mama yake. Akipita bila kuinama, bado hajatimiza mwaka. Atazame pia mkonga wake, kama tayari anajua kunywea maji, au bado anapiga magoti na kutumbukiza kinywa.