Singeli ikipata upepo: namna ya kushirikiana na msanii mkubwa bila kuua mdundo

Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, imekulia Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye vigodoro (sherehe za mtaani za usiku kucha) na studio za chumba kimoja, na spidi yake hucheza kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Siku msanii wa Bongo Fleva anapoitaka, ombi la kwanza kwako, prodyuza wa singeli, ni kupunguza spidi. Usishushe hadi 150. Hapo mtaa hausikii tena singeli, na DJ wa klabu naye hana wimbo wa kuiunganisha nao.

Kutaneni kwenye nusu. Fungua kazi kwa mapigo 224. Nusu yake ni 112, spidi ya amapiano. Ngoma, makofi na kinanda chako vibaki 224, msanii aimbe kwa hesabu ya 112. Akitaka taratibu zaidi, fungua 200 aimbe kwa 100. Yeye hatahisi anakimbizwa, na wachezaji hawatahisi wameshikwa mguu.

Kisha linda ile sauti nyembamba ya kitoto. Inatokana na kukimbiza rekodi nzima: lupu (kipande kinachojirudia) ya taarabu ya 112 ikipelekwa 224 inapanda oktavu moja kamili. Programu nyingi za kisasa hupandisha spidi na kuizuia sauti isipande. Zima mpangilio huo. Prodyuza asiyeijua singeli huuwasha akidhani anarekebisha kosa, na anachorudisha ni lupu iliyokatikakatika isiyo na ukali wowote.

Besi ndiyo inayoharibika zaidi mikononi mwa wageni. Kwenye 224 kila pigo lina milisekunde 268 tu. Ngoma ya besi yenye mkia, yaani mlio unaobaki baada ya pigo, wa milisekunde 400, ya kawaida kwenye nyimbo za taratibu, inalikanyaga pigo linalofuata, na spika zinatoa matope. Kata mkia uwe 150 hadi 200. Mwangwi wa ngoma uwe mfupi vilevile. Wa sauti ya muimbaji unaweza kurefuka, kwa kuwa yeye yuko kwenye nusu.

Spidi peke yake haitoshi kulinda mtindo. Dubstep, muziki wa kielektroniki wa besi nzito, ilizaliwa kusini mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwa karibu na 140. Ilipokamata umaarufu Marekani kuanzia 2010 hivi, 140 ilibaki palepale. Kilichoondoka ni besi ya chini kabisa na nafasi tupu, vikapisha sauti za kati zinazokwaruza. Wengi walioijia kwa hizo sauti walihama baada ya miaka michache. Kwa hiyo kabla ya kuingia studio, andika mambo matatu ambayo hayaguswi kwenye biti yako. Kwa mfano: lupu fupi isiyopumzika, makofi makavu, na nafasi ya MC kuchana (kughani) bila kukatizwa na kiitikio.

Toa matoleo mawili: la redio la dakika 3, na la kigodoro la dakika 6 au zaidi, lenye biti tupu ya kuchania. La kigodoro litangulie mtaani. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati bila kulainisha chochote, na masikio ya Ulaya yakaja yenyewe.

Mafaili: tuma kwanza MP3 yenye jina lako limetamkwa juu yake. Chaneli mojamoja, WAV ya 24-bit, zote zikianzia sekunde sifuri, zitoke baada ya karatasi ya makubaliano kusainiwa. Karatasi itaje asilimia ya utunzi kando na ya rekodi. Wengi hulipwa fedha ya biti mara moja, wakagundua baadaye kwamba hawamo kwenye mapato mengine. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kwa majina yote.

Lupu ya rekodi ya mtu mwingine inahitaji ruhusa. Kuikimbiza hakuondoi haki yake, na YouTube inaweza kuelekeza mapato kwa mwenye rekodi au kuuzuia wimbo. Njia nafuu ni kutunga kipande chako kwenye kinanda cha Casio, kama wapigaji wa mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia singeli, ukirekodi kwa 112 kisha ukikimbize mwenyewe.

Mwisho, usipitishe toleo la pamoja kwa spika za kompyuta. Lipige kwenye spika za kukodi, uwanjani, katikati ya biti mbili za 260. Uwanja ukipoa, rudi kwenye mkia wa besi kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.