Somo: Kutengeneza floresini diasetati na kupima uhai wa seli za matooke (ndizi za kupika)

Floresini diasetati ni unga mweupe usiong'aa. Ukiingia kwenye seli hai, vimeng'enya vya esterasi huukata na kubakiza floresini, inayong'aa kijani na kunaswa ndani ya utando wa seli. Tafuteni usafi kwanza, wingi baadaye: floresini kidogo tu ikibaki itang'aa bila kimeng'enya chochote, na seli mfu zitahesabiwa kuwa hai.

1. Kwenye chupa kavu ya mililita 50 weka floresini gramu 1 (si chumvi yake ya sodiamu) na anihidridi ya asetiki mililita 10. Kazi yote ifanyike chini ya kifyonza mvuke, maana mvuke wake huchoma macho na mapafu. Kemikali hii hudhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, kwa hiyo shughulikieni kibali mapema.

2. Funga kikondensa (bomba la kupozea mvuke kwa maji) chenye mrija wa kloridi ya kalsiamu juu yake, uchemshe taratibu saa 2. Msimu wa mvua usiuache mrija huo: unyevu hula anihidridi. Maji ya bomba yakikatika, ondoa moto mara moja.

3. Ikipoa, mimina kidogo kidogo kwenye barafu gramu 100 huku ukikoroga, uendelee dakika 30. Ukimimina yote kwa pamoja, joto hupanda na esta mpya (yaani floresini diasetati yenyewe) huanza kukatika.

4. Chuja, osha kwa maji baridi mpaka karatasi ya litmasi isigeuke nyekundu. Yeyusha kwenye asetoni moto kidogo iwezekanavyo, ongeza ethanoli baridi, acha fuwele zijitenge. Kausha kwenye desiketa (chombo cha kukaushia kisichoingiza unyevu) usiku kucha. Kikomo cha mavuno ni gramu 1.25.

5. Dondosha myeyusho wake kwenye karatasi ya kuchuja, uangalie chini ya taa ya urujuanimno. Doa libaki giza. Tia tone la hidroksidi ya sodiamu: kijani kikali kinajitokeza. Likiwaka kabla ya tone hilo, rudia hatua ya 4.

6. Yeyusha miligramu 5 kwa mililita 1 ya asetoni. Chukua mikrolita 2, changanya na mililita 1 ya bufa ya fosfati (myeyusho unaodumisha kiwango cha asidi) yenye pH 7.4, tia seli, weka gizani dakika 5. Tazama kwa mwanga wa nanomita 490. Kila mara andaa na seli zilizochemshwa dakika 10; hizo zisiwake.

Swali, Mbarara: Mwalimu, unga wangu umegeuka manjano kabatini. Bado unafaa?

Jibu: Haufai hivyo ulivyo, ndugu. Unyevu umeukata. Usafishe upya kwa hatua ya 4, upime doa, kisha uuhifadhi kwenye friza. Ukiutoa, usifungue kichupa mpaka kipate joto la chumba, la sivyo umande utaingia.

Swali, Gulu: Bufa inakuwa kama maziwa.

Jibu: Umezidisha dawa, ikaganda. Punguza, na andaa upya kila baada ya nusu saa.

Swali, Kampala: Inafaa kwa vipande vya ini la mbuzi vilivyogandishwa?

Jibu: Rangi itatoka, dada, lakini itasambaa, kwa kuwa kisu kimeshapasua utando. Hutajua ilianzia wapi. Ukitaka mahali penyewe, tumia alfa-naftili asetati, ambayo esterasi huikata pia, pamoja na Fast Blue, chumvi ya diazo inayoungana na kilichokatwa na kutoa rangi. Rangi yake haiyeyuki majini, hivyo hubaki ilipozaliwa.