Igizo dhima darasani: kumfundisha mwanafunzi wa utabibu kutoa majibu ya VVU

Gawa wanafunzi watatu watatu: mtoa huduma, mgonjwa na mtazamaji. Raundi moja ni dakika 25: 3 za kusoma kadi, 6 za kuigiza, 10 za mrejesho, 4 za kurudia, 2 za kuvua uhusika. Kila mmoja akipita kila nafasi, zinakuwa dakika 75.

Kadi isizidi mistari mitano. Ya mtoa huduma: "Mjamzito, miaka 24, wiki ya 16, vipimo vimethibitisha VVU." Ya mgonjwa iwe na jambo ambalo mwenzake halijui: "Mume yuko safarini. Unaogopa atakufukuza. Usiseme mpaka uulizwe." Jambo hilo ndilo linalomfanya mwanafunzi aulize badala ya kuhutubia. Usiwaandikie maneno ya kusema, watayakariri.

Waigize kwa Kiswahili cha zahanati. Aliyesomea fani kwa Kiingereza huja na "majibu yako ni chanya", na mama akashukuru, maana chanya kwake ni heri. Aseme: "Mama, vipimo vimethibitisha kwamba una virusi vya UKIMWI." Kisha anyamaze. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kimya kinawatisha, wanakimbilia dawa, lishe na tarehe ya kurudi kliniki, wakati mama ameshaacha kusikia tangu neno "virusi". Mtazamaji ahesabu sekunde za kimya hicho, na aandike maneno kama yalivyotamkwa. "Ameongea vizuri" hakumfundishi mtu kitu.

Mwanafunzi akianza kusimulia, "hapa ningemwambia...", mkatize: "Mwambie, huyo hapo mbele yako."

Katika mrejesho anaanza mtoa huduma mwenyewe, anafuata mgonjwa, kisha mtazamaji. Mwalimu wa mwisho. Mwalimu akitangulia, wengine wataitikia tu. Halafu rudieni kipande kilichokwama, hicho tu. Muda ukibana, walimu wengi hukata marudio. Bora upunguze maneno yako: aliyeambiwa kosa bila kulirekebisha kwa kinywa chake hutoka na aibu, si ujuzi.

Mwisho, ili avue uhusika, mgonjwa ahame kiti na kutaja jina lake halisi. Na kabla ya yote, tangaza kwamba yeyote anaweza kukataa kadi bila kutoa sababu, kwa kuwa darasani huenda yupo anayeishi na VVU, au aliyemuuguza mzazi wake.