Mchunga: kuuchagua, kuutunza na kuuelewa uchungu wake

Wengi wanaosema hawapendi mchunga, ile mboga ya majani machungu inayojiotea, walionja mara moja tu, tena ule ulioshazeeka, ukawakwama kooni basi wakaapa hawaugusi tena, na mi nawaelewa kabisa.

Sokoni usichukue fungu kwa kuangalia majani ya juu tu, lifungue uone katikati. Ukiona kikonyo kimerefuka kimebeba vitumba au vimaua vya njano achana nalo, mchunga ukianza kutoa maua unakuwa mchungu balaa na majani yanakakamaa. Chukua machanga, laini. Halafu vunja jani moja pale kwenye kikonyo: maziwa meupe yakichuruzika hapohapo ujue umechumwa leo, yasipotoka huo umeshalala. Yakikauka yanaacha doa la kahawia vidoleni, ni kawaida. Na uchungu wenyewe ndo umo kwenye hayo maziwa, mmea unajikinga na wadudu wasiumalize, hata letasi na chikori ni ndugu zake na wana maziwa hayohayo.

Muulize muuzaji kauchuma wapi, tafadhali usione aibu, maana huu unajiotea wenyewe popote, hata jalalani, kando ya barabara au kwenye shamba lililopigwa dawa juzi.

Nyumbani usiuoshe kama hupiki leo. Toa yaliyooza, funga kwenye kitambaa chenye unyevunyevu, weka friji kule chini, siku mbili tatu unakaa vizuri. Huna friji simamisha vikonyo kwenye bakuli la maji kivulini, jioni pika. Usiuweke karibu na ndizi mbivu, utageuka njano haraka sana.

Kula sasa. Mi machanga nayakatakata nyembamba kabisa, natia chumvi nayaminya kidogo, kitunguu, ndimu, kachumbari hiyo na samaki wa kukaanga jamani! Chumvi inafanya ulimi usiusikie sana uchungu, na tui zito nalo linaufunika. Ukiwa mkali sana chemsha umwage maji ya kwanza, ila vitamini C nyingi inaenda na hayo maji, kwa hiyo usifanye mazoea. Na wanaoacha dawa za sukari eti wanakula mchunga, nawaomba sana msiache, hii ni mboga.

Kwa watoto anza fungu moja la mchunga kwa matatu ya mchicha, tui la kwanza litie mwishoni, wiki ijayo fanya mawili kwa mawili.